Chombo Kilichongoja Wageni Wote

Chombo hicho nilikiandika mwenyewe, sebuleni kwangu Gitega, baada ya kustaafu ufundi wa redio, nikajivuna kama mtu aliyejenga kanisa. Kazi yake ni kuweka programu kwenye kompyuta: unaitaja unayoitaka, chombo kinatafuta vifurushi vyake, yaani vipande inavyoundwa navyo, kinavipakua na kuvisakinisha. Chama chetu cha elimu ya watu wazima kilikitumia katika vyumba vyake vyote vya mafunzo. Gitega kilikimbia. Muyinga kilitambaa.

Mwalimu wa Muyinga, mama aliyekulia Tanzania, alinipigia simu tena, kama alivyofanya kwa miezi.

"Shikamoo mzee. Umeme wetu ni wa asubuhi tu, na unakatika kabla chombo chako hakijasakinisha programu hata moja."

"Marahaba. Labda kompyuta zenu zimezoea mwendo wa baiskeli za huko kwenu Giteranyi."

Nilicheka peke yangu. Aliniambia chama kimeshaamua: wageni wake, wafadhili wa kompyuta hizo, wakija bila kukuta wanafunzi kazini, kompyuta zitahamishiwa Gitega. Wanafunzi wenyewe ni wanawake wakulima, wengine wanatoka Gashoho kwa miguu. Gitega asingefika hata mmoja.

Nikapanda basi kwenda kuwaonyesha kwamba kosa ni lao. Nikaketi nyuma ya mwalimu, nikatazama skrini. Kabla ya kupakua chochote, chombo kilibisha hodi kwa kila seva ya chama, yaani kompyuta inayohifadhi vifurushi, na kungoja zote ziitikie. Ndivyo nilivyokiandika. Kwetu mkutano hauanzi, wala chupa haifunguliwi, mpaka walioalikwa wote wafike, na mimi nikaona ni adabu kukifundisha heshima hiyo. Sasa kilikuwa kinaingoja seva ya chumba chetu cha Buraza, iliyokufa zamani. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, imegeuzwa meza ya thermosi ya chai. Chombo kilipochoka kungoja kilichukua kifurushi kimoja, kisha kikarudi kuingoja upya kwa ajili ya kifurushi cha pili.

"Kinamngoja nani?" mwalimu akauliza.

"Thermosi," nikasema.

Gitega hatukuliona hilo kwa sababu kompyuta zetu nilizipa ruhusa ya kutomngoja yeyote. Wakubwa hawangoji, wanangojwa.

Nilifuta mistari michache. Chombo kichukue kwa seva ya kwanza kuitikia, na kifurushi kilichopakuliwa na kompyuta moja kibaki pale chumbani, nyingine zikichukue hapohapo. Ilikuwa kazi ndogo sana, na niliikataa kwa miezi, kwa kiburi cha mtu aliyemaliza sekondari akadhani amemaliza dunia.

Siku ya wageni, mwenyekiti wa chama alitangulia. Umeme ulikuwepo, programu zote zilikuwa tayari, na wanawake walikuwa wanachapa.

"Alors, mama, simamisha kwanza," akasema, akichanganya Kifaransa na Kiswahili chake. "Wakubwa iko njiani bado. Tungoje."

"Wameshaanza, mzee," mwalimu akamjibu.

Mwenyekiti akanigeukia ili nimkemee mwalimu. Nikamwonyesha kiti kilichobaki, kando ya mlango.

Wageni walifika umeme ukiwa umekatika. Walikuta karatasi zilizochapwa zimejaa mezani, wakazisoma, wakakubali kompyuta zibaki. Mwenyekiti akatoa hotuba ndefu kuhusu juhudi za ofisi ya Gitega, akatazama huku na huku akitafuta makofi ya wanafunzi. Wanawake hawakuwepo. Walikuwa wameshaondoka kuwahi soko.