Posho Mbili ya Kufunga

Bwana yangu Donat Kalaba alikuwaka muntu mukubwa. Sisemi mukubwa ya cheo, ninasema mukubwa ya tumbo. Akiikala ku kiti mbele ya nyumba yetu ku kampo ya bantu ya kazi, kiti ilikuwa inalia mbele yeye asalimie bantu. Na mimi Angélique, bibi yake, roho yangu ilikuwa inafurahi. Juu ile tumbo nani aliifanya? Ni mimi, na bukari yangu ya unga na sombe yangu ya majani ya muhogo na mafuta nyekundu ya ngazi. Bibi ya bwana ya kukonda, ku kampo banamuangalia vibaya, banasema anamunyima bwana chakula. Bibi ya bwana ya kunona, ku robine ya maji banamupisha mbele. Mimi nilikuwa napita mbele, na nilikuwa napita pole pole ili bantu yote banione.

Ngoja nieleze kwanza posho, juu matata yote ilitokea pale. Kwetu Élisabethville, kampuni ilikuwa inagawia bantu ya kazi chakula kila siku saba: unga, maharagi, nyama, samaki ya kukauka, mafuta, chumvi. Ile chakula njo posho. Na kwa sababu inakuya kila siku saba, zile siku saba nazo tunaziita posho. Siku ya kwanza ya kazi, kiisha siku ya Mungu, tunaiita kazi moya, ya pili kazi mbili, hivyo hivyo. Muntu akikuambia "tutaonana posho ingine," hasemi unga, anasema siku. Wageni banapotea sana pale, na siku moja na sisi benyewe tulipotea.

Donat alikuwa anatumika ku grue, ile mashini kubwa ya kubeba bintu ya kizito kule banayeyusha shaba. Anapanda ngazi ya chuma, anaingilia mu katundu, ile shimo ku chini ya kijumba ya mashini, kiisha anaikala kule juu na kushika bikono ya mashini. Alipenda ile kazi kupita chakula, na chakula unajua alivyoipenda. Aliniambiaka siku moja: "Angélique, kule juu hakuna muntu ananiita boyi. Muzungu na mweusi, bote bananiangalia na shingo juu."

Sasa, mwezi ya tano, mwaka ya tatu kiisha vita, Donat alikwama. Kichwa na mabega ndani ya kijumba, miguu inje inapigapiga hewa, na tumbo katikati, haiendi, hairudi. Bantu tatu balimuvuta na kamba. Shefu yake ya kazi, muzungu mumoja tulimuita Bwana Mbio, alimungojea ku chini, saa mu mukono.

"Kalaba," alisema, "ninakupatia posho mbili. Kazi moya ya posho ya tatu utapanda mbele yangu. Ukikwama tena, utafagia chini, na Paulin atapanda ku grue."

Paulin! Kijana mwembamba sawa muti ya fagio, na kucheka yake yote meno inje. Donat alirudia ku nyumba, akaangalia bukari, akaisukuma. Mimi, kwanza nilifikiri eko mugonjwa. Kiisha nilifikiri kuko mwanamuke mwingine anamupikia. Nilimushika shati na kuuliza jina ya ule mwanamuke. Njo pale alinielezea, na machozi ilikuwa karibu kutoka.

Kuokoka ilitoka kwa Jeannot, ndugu yake, mupishi ku nyumba ya shefu ya kampo. Jeannot alikuya kwetu na kofia yake ya upande, akaikala, akamuambia mukubwa yake: "Yaya, dawa iko. Inaitwa rejime. Madamu wetu anafanya ile miezi tatu sasa."

"Anafanya namna gani?"

"Asubui hakuna kintu. Saa sita unakula. Saa kumi na moya unakula kidogo tena. Kiisha unafunga kinywa mpaka kesho saa sita. Na siku ya kazi tatu na kazi tano, ni siku ya kusafisha tumbo: maji ya ndimu tu, na purje ya chumvi, ile dawa ya kuharisha ya lupitalo."

"Na Madamu alikonda?" mimi niliuliza.

Jeannot alikuna shingo. "Siku ya kusafisha anaingiaka mu jiko yangu peke yake, asema anaangalia kama masufuria iko safi. Akitoka, kinywa inang'aa mafuta. Lakini ile si kosa ya rejime."

Yesu Maria, ile posho ya kwanza! Muntu mwenye njaa mu nyumba ni mubaya kupita mulevi. Siku ya maji ya ndimu, sisi tunakula na batoto, yeye anapeleka kiti inje, anatupatia mugongo, na anaanza:

"Munakula nini?"

"Bukari."

"Na nini?"

"Na samaki ya ndakala."

"Ya kukaanga?"

"Ya kukaanga, Donat!"

"Na tomati?"

Nilimuambia akiuliza tena nitamutupia sufuria. Na purje, je! Siku ya kwanza alisalimia majirani vizuri akienda ku choo ya kampo, na alibasalimia vizuri akirudi. Mara ya tano alisalimia na mukono tu. Mara ya nane alipita mbio bila kuona muntu.

Siku ya posho ikafika, tukapanga mulongo na bitunga yetu ku depo ya chakula. Nyuma yangu kulikuwa Mama Bwalya. Ule mama, masikio yake inafika ku nyumba ya bantu mbele ya miguu yake, na bwana yake Stanislas alikuwa kapita, musimamizi ya bantu ya kampo.

"Mama Angélique," alisema, "Donat iko na nini? Hatumuoni tena na sahani."

Na mimi, kwa haya ya kusema mambo ya kukwama, nilijibu kifupi: "Anafunga posho mbili."

Nilitaka kusema nini? Kwamba anafunga kula siku kumi na ine, sawa bakristo mu Karema mbele ya Pasaka. Lakini kufunga ni kufunga: unafunga kula, unafunga mulango, unafunga muzigo na kamba. Na posho ni posho. Mama Bwalya aliangalia kitunga yangu, akawaza vile Donat anakonda, akafanya hesabu yake mu kichwa. Alipofika ku nyumba alimuambia bwana yake: "Kwa Kalaba banafunga posho mbili." Ni kusema banafunga mizigo mbili ya chakula ya kampuni, na bwana anakufa njaa, juu bibi anaenda kuuzisha.

Kazi tatu, balipima Donat ku kipimo ya lupitalo, sawa balikuwa bakipima bantu ya kazi yote. Kilo saba ilikuwa imepotea! Yeye alitoka pale anacheka peke yake. Saa ine balituita ku biro.

Shefu ya kampo alikuwa nyuma ya meza, muzungu munene, uso mwekundu. Mbele yake kulikuwa glasi moya ya maji na kipande ya ndimu ndani. Stanislas alisimama pembeni, kifua mbele, na akasema yote: posho mbili, mizigo mbili, gari ya kwenda kuuzisha Kasomeno. Kasomeno! Mimi hata njia ya Kasomeno siijui.

Hasira ilinipanda mpaka masikio ikaziba. Mimi, muntu ya kupita mbele ku robine, baniite mwizi mbele ya bwana yangu?

"Stanislas," nilisema, "kinywa yako ioze! Anafunga kula! Sawa Karema!"

"Karema ilipita," Stanislas alijibu. "Hata Pasaka ilipita."

"Ni kweli, Shefu," Donat alisema na sauti kidogo. "Ninajikondesha mwenyewe. Juu ya katundu ya grue."

Shefu alicheka bila furaha. "Mweusi anajikondesha kwa kupenda? Sijaona ile tangu nilifika Katanga."

"Basi leo unaiona!" nilisema, na ulimi ilinitoroka. "Ni rejime, sawa ya Madamu yako!"

Shefu aliangalia glasi yake ya ndimu. Na pale pale tumbo yake ililia, nguruu, sawa mulango ya zamani. Kumbe na yeye Madamu alimufungisha kula! Stanislas aliangalia dari. Mimi niliuma mudomo.

Pale uso ya Shefu ilikuwa nyekundu kabisa. "Amri ni amri," alisema. "Muntu akipoteza kilo, anakula ku kantini mbele ya kapita, asubui, saa sita na mangaribi. Kazi moya nitaenda kuona grue mimi mwenyewe. Na wewe, bibi, utakuwa pale. Akipita, nitajua alifunga kula juu ya kazi. Akikwama, nitajua mulidanganya, na mutatoka ku kampo bote."

Sheria gani ile? Banamushindilia chakula, kiisha banamuhukumu juu ya tumbo! Lakini ku biro ukiuliza sana unaongezewa.

Siku tatu Donat alikula mbele ya Stanislas. Nyama, maharagi, mukate, na Stanislas anasema tu: "Ongeza." Paulin alipita pale na kumuambia: "Kula vizuri, yaya." Niliona bwana yangu analia juu ya sahani ya nyama. Muntu ya kulia juu ya kukosa nyama nilishaona mingi. Wa kulia juu ya kuipata, ni Donat peke yake.

Ku nyumba alikuwa na duara ya chuma ya pipa, upana yake sawa katundu ya grue. Siku ya posho mangaribi alijaribu kuipitisha, na ilisimama ku kitovu. Aliikala chini nayo hivyo, sawa pipa yenyewe. Mimi sikucheka. Niliwaza nyumba yetu, batoto, na Stanislas akisimama ku mulango siku ya kututoa. Nilitia sabuni ku ile tumbo na kuvuta duara mpaka ilitoka.

Siku ya Mungu kantini ilikuwa ya kufunga. Donat alikunywa purje ya siku mbili kwa mara moya. Mimi nilienda ku misa na batoto tu. Mompère, padri yetu, aliuliza: "Donat iko wapi?"

"Anajisafisha ndani, Mompère," nilimuambia. Sikusema uwongo.

"Mungu amubariki," alisema, na aliguswa kabisa mu roho.

Kazi moya asubui, bantu ya kazi yote balikuwa chini ya grue. Bwana Mbio na saa yake, Shefu na tumbo yake, Stanislas na kifua yake, Paulin na meno yake. Donat alifika na suruali yake ya kazi, ile tulishonesha Noeli, ya kufunga na kamba. Alinipita bila kuniangalia na akapanda.

Kichwa iliingia. Mabega iliingia. Tumbo ikafika ku katundu na ikasimama. Paulin alisogea hatua moya mbele. Mimi nilishika rozari ndani ya kitambaa na kumuambia Bikira Maria maneno ya kukataza. Donat alitoa pumzi yote, fuuu, miguu ikapiga hewa mara mbili, na akaingia! Akaingia muntu muzima!

Lakini kamba ilikatika. Donat alienda juu, suruali ikakuya chini. Ilishuka pole pole, ikafunguka mu hewa, na ikaanguka ku viatu ya Shefu ya kampo. Mama yangu, kicheko ya ile siku! Hata Bwana Mbio alisahau saa.

Stanislas hakucheka. "Shefu, ona," alisema. "Suruali haimushiki tena! Ni njaa. Bibi anauzisha posho!"

Njo pale Mungu alinipatia akili. Niliokota ile suruali na kuipanua mukandani mbele ya bote.

"Stanislas, ingia humu."

"Mimi?"

"Ingia," Shefu alisema.

Aliingia. Nilimuvuta Paulin na yeye, nikamutia ku upande ingine. Bantu mbili mu suruali moya, na nafasi ilibakia!

"Shefu," nilisema, "hii suruali ni ya Noeli, na ilikuwa inamubana. Kama nilikuwa nauzisha posho yenu, nani alijaza humu ndani?"

Shefu alizunguka suruali, akaangalia upande na upande. Kiisha aliangalia tumbo yake mwenyewe. "Bibi ana haki," alisema. "Kapita, toka mu suruali ya bantu." Na mbele ya kuenda, aliniuliza pole pole kama ile purje inaumiza sana.

Kule juu kichwa ya Donat ilitokea ku dirisha. "Angélique! Leta suruali!"

"Kwanza useme mbele ya bantu yote: ile tumbo ilikuwa kazi ya nani?"

"Angélique, ninakuomba!"

"Sema!"

"Ya weye!" alipiga kelele, mpaka sauti ikajibu mu chuma yote. "Ni bukari ya weye!"

Pale nilicheka na kulia mara moya. Mashini ikanguruma, na kulabu kubwa ya kubeba tani ya shaba ikashuka pole pole mpaka mbele ya uso yangu. Nikatundika suruali, na Donat akaipandisha.