Mtetemo wa Uani kwa Mama

Kisanduku cha kwanza kwenye fomu ya kuombea data kiliniuliza jina la taasisi yangu. Sina taasisi. Nina kibanda cha stationari Makambako, jirani na pale malori ya mbao na viazi yanapopumzika, na kazi yangu ni kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo. Fomu haijawahi kunishinda. Nikaandika jina la kibanda. Kisanduku kilichofuata kiliuliza nitaitumia data kwa utafiti gani, nikaandika ukweli bila kuupaka mafuta: nataka kujua kama mdogo wangu ameua mtu.

Mdogo wangu ni fundi mwashi. Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Njombe, alikuwa anamjengea jirani jiko la nje la tofali za kuchoma. Jumatatu moja, saa nane na nusu mchana, kabla jiko halijaezekwa, ukuta mmoja ulianguka ukamfunika mke wa jirani aliyekuwa ameketi chini yake akipukuchua mahindi. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Mdogo wangu alisema ardhi ilitikisika. Alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anachanganya mchanga na simenti, na aliusikia mtikisiko miguuni ndani ya gambuti. Watu wawili watatu walisema hata wao wamesikia kitu, kisha walipoona upepo unakovumia wakasema labda lilikuwa lori. Kijiji kikaamua kwamba fundi amekula simenti. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Polisi walimhoji siku mbili wakamwachia. Kijiji hakikumwachia. Hakuna aliyemwita tena kuweka hata tofali moja. Kanisani, kwenye benchi la besi alikoimba tangu kipaimara, wenzake walianza kubanana upande mmoja wakimwachia nafasi ya kutosha watu watatu. Mkewe alimchukua mtoto akaenda kwao Mawengi, akisema anakwenda kusalimia tu. Hajarudi. Mwisho mdogo wangu akaja kwangu Makambako na begi moja, akaanza kupakia mbao kwenye malori, yeye aliyekuwa na mkono wa kunyoosha ukuta bila kamba. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo sikuwa na pa kuiweka.

Kilichonipa tumaini ni lile dude. Karibu mwaka mzima kabla ya ukuta kuanguka, watafiti walikuja kijijini, profesa mmoja wa hapa nchini na wageni wawili waliokuwa wanatetemeka kwa baridi ya Julai. Walichimba shimo uani kwa mama, wakafukia chombo cha kupimia mitetemo ya ardhi, kikubwa kama sufuria ya ubwabwa, na juu wakaweka paneli ya sola na betri ndani ya sanduku la bati. Vyombo kama hicho waliweka vichache, kimoja Iwawa, kingine Matamba, vingine sijui wapi. Mama akaambiwa awe mlinzi: ng'ombe asifungwe karibu, watoto wasirukeruke pale, betri isiguswe. Mama alilitii dude kuliko alivyowahi kumtii marehemu baba. Hata kutwanga alihamia kwa jirani, yuleyule jirani.

Nilipopigiwa simu kwamba ukuta umeua, wazo langu la pili lilikuwa dude. Jumatano nilipofika kumzika yule mke wa jirani, kabla sijavua hata koti nilizunguka nyuma nikafungua sanduku la bati. Betri ilikuwa mahali pake, taa ya kijani inawaka. Nikamshukuru Mungu. Nikamwambia mdogo wangu, mbele ya mama, kwamba kama ardhi ilitikisika basi kipo kilichoandika, na siku moja tutakisoma. Mama akalia kwa furaha. Mdogo wangu akatazama chini, nami nikadhani ni uchungu.

Siku moja hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili. Utafiti ulipokwisha walikuja kulifukua dude, wakamwachia mama shimo na shukrani. Data yote, profesa aliniambia kwenye simu, imepelekwa kwenye hifadhi ya utafiti ng'ambo, na imefungwa kwa muda ili wenyewe waitumie kwanza. Nikamwuliza wenyewe ni nani, maana ardhi ni ya mama. Akacheka kidogo. Alikuwa mtu mwema lakini mwenye shughuli, na barua pepe zangu nne hakuzijibu. Subira yavuta heri, alisema mama kila nilipopiga simu, mpaka nikaichukia methali yenyewe.

Muda wa kufungwa ulipokwisha, nikajisajili na kuomba. Nilijifunza kwamba hifadhi haiulizwi "siku ile ukuta ulipoanguka". Inataka jina la kituo, herufi chache zisizofanana na jina la kijiji chochote. Inataka mwanzo na mwisho wa muda kwa saa za Greenwich. Saa nane na nusu ya mchana, ambayo simu zetu huiandika 14:30, kwao ni 11:30, na hesabu hiyo nyepesi niliirudia kwa vidole mara kumi kama mtu anayehesabu dozi ya mtoto. Niliomba saa moja tu, dakika thelathini kabla na thelathini baada. Kilichokuja ni faili ambalo kompyuta yangu ilikataa kulifungua, nami nikakaa nalitazama huku wateja wanagonga kaunta wakitaka kopi za vyeti.

Nikaiandikia hifadhi tena. Safari hii nilieleza kila kitu: ukuta, mahindi, benchi la besi. Nilidhani hawatajibu. Alijibu mwanamke mmoja, mfanyakazi wa pale, kwa Kiingereza cha upole ambacho hakikunificha kitu. Alisema amenichorea mwenyewe. Kituo cha Iwawa kinaonesha mtikisiko mdogo sana katika dakika niliyoitaja. Unaweza kuwa tetemeko dogo lililotokea karibu nasi. Unaweza pia kuwa upepo, au gari. Matamba hakuna kinachoonekana. Kwa kituo kimoja cha mbali hawezi kusema lolote, na kituo ambacho kingeamua ni cha kwetu. Kwa bahati mbaya, aliandika, kituo hicho hakina data ya siku hiyo. Kilizimika Alhamisi ya wiki iliyotangulia, saa kumi jioni kwa saa zenu, na kikawaka tena Jumanne usiku. Anasikitika sana.

Mchoro ulikuwa na mistari mitatu. Wa Iwawa una kijidonge katikati, kama uzi uliofumwa vibaya kwenye sweta. Wa Matamba umenyooka. Wa kwetu haukuwepo, ila jina lake tu, na mbele ya jina karatasi nyeupe.

Alhamisi, saa kumi jioni. Sikuhitaji kukumbushwa. Nilikuwa nyumbani wiki hiyo kwa sababu ya msiba wa mzee mmoja wa upande wa pili wa kijiji. Umeme haujafika huko, na jenereta ya spika za kwaya ilikuwa imekufa. Mdogo wangu akaja mbio, ametumwa na kwaya. "Dada, wanaomba betri ya lile dude." Kwetu msiba haunyimwi. Wakitaka benchi unatoa, sufuria unatoa, sweta la mwilini unavua. Na ukishatoa hukirudishi nyumbani kwako mpaka matanga yavunjwe, hata kama ni wewe unayelala chini. Mama alikuwa huko huko msibani anapika. Nililegeza nyaya kwa mikono yangu, nikamwambia mdogo wangu, "Matanga yanavunjwa Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo uirudishe." Ijumaa tukazika. Jumamosi alfajiri nikarudi Makambako kufungua kibanda.

Matanga hayakuvunjwa Jumamosi. Haya nimeyajua sasa, kwa kumwuliza mama kwa kuzunguka kama ninayepiga soga. Yalisogezwa hadi Jumanne kumsubiri mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa njiani kutoka Bukoba. Jumatatu mchana, ukuta ulipoanguka, betri ilikuwa inaimbisha tenzi upande wa pili wa kijiji.

Nilifunga kibanda nikaenda kumtafuta pale wanapopakia. Alikuwa juu ya lori, anapokea mbao. Nilitaka kudanganya, nilikuwa nimeshaandaa uongo wenyewe tangu njiani. Aliponiona tu akashuka.

"Majibu?"

"Mdogo wangu," nikasema, "ile betri. Nilikupa mimi."

Hakushtuka. Alivua glavu moja, kisha ya pili, akazikung'uta vumbi la mbao.

"Niliirudisha Jumanne usiku," alisema. "Watu walikuwa hawajamaliza kuondoka kule msibani."

"Ulijua? Miaka yote hii ulijua hakuna kitu?"

"Nilijua."

"Mbona umeniacha nihangaike? Mbona hukusema?" Nilikuwa napiga kelele. Wapakiaji wenzake waligeuka kututazama.

"Dada, siku ile ulisema mbele ya mama kwamba kipo kilichoandika. Mama akaacha kunitazama kama wanavyonitazama wengine. Ningesema nini?" Akatazama lori. "Na wewe ulipokuwa unatafuta, mimi nilikuwa mtu ambaye majibu yake hayajatoka. Kuna tofauti."

Nikamwambia habari ya Iwawa, ya kile kijidonge. Akaniomba aone. Nikamfungulia kwenye simu, akakiangalia kwa muda mrefu, akakikuza kwa vidole vyake vilivyojaa vibanzi mpaka kikawa ukungu. Sikuweza kujua anaona nini. Siku hizi hata mimi nikikitazama kuna siku naona tetemeko na kuna siku naona lori.

"Inaweza kuwa simenti pia," alisema, akanirudishia simu. "Nilipunguza simenti kwenye mchanganyiko kidogo, ili ibaki ya kumalizia juu. Kidogo tu. Mafundi wote wanafanya."

Dereva alipiga honi, naye akavaa glavu zake akapanda.

Jumapili baada ya ibada mama alinipigia simu. Alikuwa amesimama na yule jirani, mume wa aliyefunikwa na ukuta, nikisikia sauti yake kwa nyuma, na alitaka nimwambie huyo mzee kwa mdomo wangu majibu yamefika wapi. Nikasema bado wanatafuta.