Nyoka Akishakula Asiguswe

Juzi, katika duka la wanyama wa kufugwa hapa Riyadh, bosi mmoja alinunua vijinyoka viwili, kimoja chekundu na kingine cheupe. Alisema vikikua atavipandisha apate watoto wa rangi adimu.

"Nyoka akishakula, msimguse siku mbili," muuzaji alionya. "Akisumbuliwa, atatapika."

Bosi akamgeukia mfanyakazi wake wa ndani, Mkenya, aliyekuwa akitafuna mkate kando yangu. "Umesikia? Asisumbuliwe. Yalla, beba."

Dada wa watu akaurudisha mkate mkobani, akalikumbatia sanduku la nyoka. "Mimi huitwa tonge likiwa mdomoni," aliniambia kwa Kiswahili.

Hasira haijanitoka. Hebu niambieni, huyu dada angezaliwa na rangi gani ndipo naye aachwe amalize kula?