Dawa Haishukuriwi

Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini jioni. Nataja saa kwa sababu najua utasema niliota. Sikuota. Nilikuwa na madaftari mgongoni na njaa tumboni, natembea kwa miguu yangu mwenyewe.

Niko kidato cha tatu. Kwetu ni Kenyamonta, ila nimepanga chumba Kisaka, karibu na shule. Tulipanga wawili, mimi na Nyangi, mpaka shangazi yake alipomhamishia Tarime, kule Nkende. Nikabaki na kitanda kizima. Niseme ukweli, mimi nina aibu mno. Nyangi ndiye alikuwa mdomo wangu. Wiki tano zikapita bila mtu kuvuka kizingiti changu. Usingizi ukakata. Ugali haushuki, kifua kinabana. Zahanati wakanipima malaria, wakanipima damu, hawakuona kitu. Nikawa nasinzia darasani hadi mwalimu akasema akinikuta tena ananirudisha nyumbani. Na mimi namjua baba. Kwake msichana akirudishwa hasubiri muhula mwingine, anasubiri ng'ombe wa mahari.

Ndiyo maana nikaenda kwa Bibi Wankuru, mama wa mitishamba anayekaa ng'ambo ya kijito. Nilitegemea tunguri na vitisho. Wapi! Nilimkuta anachambua mizizi kwenye ungo. Kwanza alitaka kuona cheti cha zahanati. Halafu akaniuliza mambo ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: nalala saa ngapi, siku zangu nazipata vizuri, nakula nini, nakula na nani.

"Peke yangu, bibi."

"Tangu lini?"

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, ndipo akanipa magome kwenye kitambaa. "Chemsha na uji asubuhi. Usinywe peke yako, haitakusaidia. Na ukipata homa rudi zahanati, usinisubiri mimi."

Hapo ndipo nilipokosea. Nikasema, "Asante."

Uso wake ukabadilika. "We mtoto! Nani alikufundisha kushukuru dawa?"

Nilikuwa najua. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba dawa unapokea kimya na kuondoka. Lakini shule ilishanizoesha asante za kila dakika.

"Sasa hicho kinachokaa na wewe kimesikia kwamba unakifukuza," akasema. "Kitakuja kukubembeleza njiani. Usimjibu mtu yeyote mpaka ufunge mlango wako."

Niamini au usiniamini, sikuwa nimevuka hata kijito. Kando yangu akatokea msichana mwenye sweta kama la shule yetu. Sikusikia hatua zake. Sikuthubutu kumtazama usoni; niliona tu vidole vyake vinavyovuta mikono ya sweta, vile ninavyofanya mimi nikiona aibu.

"Mbona unakimbia?" akasema kwa upole. "Jana umelala na sketi ya shule. Unafikiri nani analala upande wa ukutani?"

Ungefanya nini wewe? Mimi nilibana midomo. Mbele yetu ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Wakagawanyika kutupisha, na niliona kwa macho yangu haya: walipisha nafasi ya watu wawili. Mzee aliyekuwa akiwaswaga aliniona mimi tu. Nikampita bila kumwamkia.

"Hawa wa sekondari!" akafoka. "Shikamoo imekuwa nzito kuliko debe la maji? Umelelewa na fisi?"

Nilitamani kulia. Yule msichana akacheka kidogo. "Unaona? Hao ndio watu. Bora sisi wawili."

Tukafika mlangoni. Ufunguo ukagoma kuingia kwenye kufuli. "Nifungulie basi," akasema. "Nani mwingine aliwahi kukuomba aingie?"

Hilo ndilo lililoniuma, maana lilikuwa kweli. Neno "karibu" lilifika kwenye ulimi kabisa. Nikaung'ata ulimi hadi nikaonja damu, nikaingia, nikafunga. Nikasikia mgongo wake unaegemea mlango, unateleza taratibu mpaka chini. Nikalala kama niliyepigwa rungu.

Mpaka leo ulimi una kovu. Mpaka leo nalala upande wa ukutani mimi mwenyewe, siuachi wazi. Na wewe unayesoma hapa, ukipewa dawa, pokea ufunge mdomo. Ila kama umekaa peke yako siku nyingi na hulali, usione aibu kwenda kwa wanaojua kuuliza. Usikae ukidhani chumba chako ni kitupu.

Asubuhi baada ya usiku ule nilichemsha magome, nikakoroga uji wa mtama, nikabeba sufuria hadi kwa Mama Bhoke, mwenye nyumba wangu. Tangu tupange pale nilikuwa nampungia mkono tu. Nikasimama mlangoni kwake mpaka masizi yakanichafua sketi.

"Shikamoo, mama. Naomba tunywe wote. Ni mchungu, ni wa dawa."

"Marahaba. Heee! Kumbe una sauti!" Akachukua vikombe viwili. Kisha akanitazama. "Na yule mwenzako niliyemsikia anakubembeleza jana mlangoni, yeye hanywi?"

Nikakaa kwenye kigoda chake, nikanywa funda la kwanza, nikaanza kumsimulia.