Chapuchapu anayejifunza kwenda polepole

Saa mbili na robo asubuhi, karani ambaye wenzake wanamwita Chapuchapu anafungua jalada la kwanza kati ya yaliyorundikwa mezani. Ni majalada ya zamani, yenye vumbi la kumpigisha mtu chafya, na kazi yake ni kuyahamishia kwenye kompyuta. Vidole vinachapa, na yanayojirudia vinayanakili kwa Ctrl na C, vinayabandika kwa Ctrl na V, vinahifadhi kwa Ctrl na S; kufumba na kufumbua, jalada limekwisha.

Mlango ukilia, anabadilika. Anashika kipanya na kukiburuta taratibu kama mtu anayefuta meza. Msimamizi anachungulia, kisha anakwenda zake.

“Nimejifunza kuwa mzito,” anasema kwa sauti ya chini. “Ni kazi ngumu kuliko kuwa mwepesi.”

Amekubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina lake na la ofisi yasiandikwe.

Miaka miwili iliyopita kipanya chake kiliharibika, na watu wa ununuzi wakamzungusha njoo leo, njoo kesho, kwa miezi mitatu. Akaanza kujifunza njia za mkato za kibodi, moja baada ya nyingine, akiziandika nyuma ya kalenda. Kipanya kipya kilipoletwa, hakuwa na haja nacho tena. Wenzake walikuwa wakimaliza majalada arobaini kwa siku, yeye mia na kumi.

Na alijisikia, hilo hafichi. Orodha ya mwezi ilipobandikwa ukutani, alipita mbele yake mara mbilimbili. Hakumfundisha mtu, na hakuna aliyemwomba.

Msimamizi naye alikuwa akiitazama orodha hiyohiyo. Kama mmoja anaweza mia na kumi, wanne wa nini? Makarani wawili wakapewa barua siku moja. Mmoja wao, baba wa watoto watano, alifungasha kikombe chake na redio ndogo, akampa Chapuchapu mkono na kumpongeza kwa bidii yake. Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo linalomtafuna Chapuchapu mpaka leo.

Amebaki na mwenzake mmoja tu, mama wa makamo ambaye yeye Chapuchapu humwita Shangazi ingawa hawana undugu. Ndiye aliyempokea siku ya kwanza na kumfundisha kusoma ile miandiko ya zamani ya kukunia kichwa. Shangazi anachapa kwa vidole viwili, na nyumbani ana mume aliyepooza. Bado miezi kumi na minne astaafu. Akiachishwa kabla ya hapo, kiinua mgongo chake kinakatwa nusu.

Baada ya wale wawili kuondoka, Chapuchapu alijaribu kumfundisha njia zake za mkato. Siku ya pili Shangazi alichagua ukurasa mzima bila kujua, akagusa herufi moja, na kazi ya asubuhi nzima ikatoweka. Ctrl na Z ikairudisha yote, lakini Shangazi alikuwa ameshalia.

“Mwanangu, niache na vidole vyangu viwili,” alimwambia.

Basi sasa Chapuchapu anachapa kwa ajili ya wawili. Majalada sitini yanaingia kwa jina lake, hamsini kwa jina la Shangazi, na msimamizi ameambiwa kuwa yaliyobaki yana miandiko mibaya. Wakikamatwa, watafukuzwa wote wawili.

Wiki iliyopita likaja agizo: aandike njia zake zote za mkato kwenye karatasi moja, zigawiwe kwenye matawi yote kumi na moja. Baada ya hapo kila karani atapimwa mbele ya msimamizi, na asiyefikisha majalada mia kwa siku atapewa barua. Amepewa muda mpaka Ijumaa.

Karatasi iko mezani, ina mistari miwili tu. Upande wa pili wa chumba, Shangazi amevua miwani anaipangusa kwa upindo wa gauni.

“Ijumaa nitamwambia msimamizi bado. Ijumaa inayofuata nitaumwa,” anasema Chapuchapu. “Tangu nianze kazi sijamcheleweshea mtu kitu. Hii nataka niicheleweshe miezi kumi na minne.”