Kioko Aliwaleta Washauri, Akabaki Nje

Bado naangalia pale tunapoegesha ambulance nikingoja Kioko ashuke. Ni siku ya tatu leo na akili yangu imekataa kabisa.

Kwa wasiomjua: Kioko alikuwa dereva wetu wa ambulance hapa Machakos, miaka kumi na mmoja. Mimi ni nurse wa casualty. Wagonjwa niliopokea kutoka mikononi mwake siwezi kuwahesabu.

Jumanne asubuhi alileta mama mjamzito kutoka Masii, akamfikisha hadi ndani, akarudi kwenye gari na kulaza kichwa juu ya usukani. Tukawa tunapita pale tukidhani amesinzia. Mimi mwenyewe nilipita mara mbili. "Muache apumzike," nikamwambia Mutua, dereva mwenzake. Mutua ndiye alienda kumuamsha na kikombe cha chai. Hakuamka. Ni pressure, daktari alisema.

Sasa tangu jana watu wanaandika hapa mtandaoni kwamba Kioko alikuwa chuma. Ofisi nayo imebandika memo: "Alihudumu bila manung'uniko." Jamani! Tuheshimiane kidogo.

Kioko alinung'unika. Ni vile hakuna aliyetaka kusikia.

Mnakumbuka ile ajali ya basi la kwaya mwaka jana? Yeye ndiye alifika wa kwanza. Alienda na kurudi mara sita, na safari ya mwisho hakuwasha hata king'ora, kwa sababu hakukuwa na wa kukimbizwa hospitali.

Baada ya hapo akaanza kuosha gari. Gari likiwa safi, anaosha. Anabeba maji kwa jerrican, anapiga magoti kule nyuma na kusugua sakafu kwa brashi, saa nzima. Mutua akitaka kumsaidia anaambiwa, "Wacha. Hii ni yangu."

Mnajua ofisi ilifanya nini? Ikamwandikia barua ya onyo kuhusu maji! Sawa, maji Machakos ni shida, hata kwangu mfereji umekauka. Lakini mtu mzima anasugua sakafu safi kila siku, na mnachoona ni maji?

Nisiilaumu ofisi peke yake. Sisi nurses tulikuwa na msemo wetu, "Kioko hana machozi," na tulisema kama sifa. Kwetu casualty asiyelia ndiye hutumwa. Mtoto amefariki, nani atambeba hadi mortuary? Ita Kioko. Mama amepewa habari mbaya akaanguka? Ita Kioko. Hata akiwa off nilimpigia simu, na jibu lake lilikuwa moja: "Aiya Sister, nakuja." Nilimpenda kwa hilo, na nikamtumia kama machela.

Halafu kuna lile la debriefing. Hili ndilo linanichoma.

Wiki mbili baada ya ajali, washauri waliletwa kutoka Nairobi kuongea na staff. Jambo zuri, nilishukuru. Orodha ikabandikwa: madaktari, clinical officers, nurses. Madereva hawakuwemo. Na ni nani alitumwa kuwachukua washauri stage ya matatu? Kioko!

Sisi tukaketi kwa duara ndani ya hall, tukapewa tissue, soda na keki. Tukafundishwa kwamba mtu aliyeona mabaya asiachwe peke yake, aulizwe anahitaji nini, asikilizwe bila kuharakishwa. Kupitia dirisha nilikuwa naona mguu wa Kioko ukining'inia nje ya mlango wa gari. Masaa matatu alikaa pale akingoja wageni wamalize awarudishe.

Nilipotoka akaniuliza, "Sister, wamewaambia nini huko ndani?"

"Wamesema tuongee. Tusiweke vitu ndani ya roho."

Akacheka kidogo. "Sasa mimi niongee na nani? Na gari?" Halafu kicheko kikaisha. "Hata mimi niko na kitu nataka kusema. Kuna mmoja alinishika shati."

Nilikuwa na dawa za saa kumi za kugawa. Nikamwambia, "Kesho, Kioko. Tutaongea kesho." Nimetoka kufundishwa masaa matatu jinsi ya kumsikiliza mtu, na dakika moja imenishinda! Hiyo kesho sikuitafuta tena. Hadi leo sijui ni nani alimshika shati, wala alimwambia nini.

Jana nilienda Wamunyu kumpa pole mkewe. Nikamuuliza kama aliwahi kumweleza. Akaniangalia, akasema, "Alisema atakuambia wewe, kwa sababu wewe ulikuwa casualty siku hiyo."



Leo asubuhi orodha nyingine imebandikwa. Washauri wanarudi kesho, kusaidia staff "walioguswa na kifo cha dereva wetu." Nikaisoma, nikarudia. Madaktari, clinical officers, nurses. Dereva hata mmoja hayupo. Na chini kabisa: Mutua atawachukua wageni stage saa mbili.

Mutua! Yule aliyemkuta!

Nikatoa kalamu, nikafuta jina langu, nikaandika MUTUA kwa herufi kubwa. In-charge, mkubwa wetu wa casualty, akaniuliza, "Na wageni wataletwa na nani?" Nikamwambia watembee, stage si mbali. Anayetaka kuniandikia barua ya onyo aandike, anajua nilipo.

Kioko, kesho mimi nitakaa nje, kwenye kiti chako, mlango wazi. Mutua akitoka sitakuwa na haraka. Nitamuuliza ni nini anataka kusema, na dawa za saa kumi atagawa mwingine.

Jumamosi tunakuja kukusindikiza nyumbani. Pumzika sasa, ndugu yangu. Ukilala safari hii, hakuna atakayekupigia simu. Na unisamehe ile kesho.