Hatua Kumi na Moja Juu ya Changarawe

Mkinicheka mtakuwa na haki, nami naanza kujicheka kabla yenu. Ilikuwa Jumanne, tarehe nane Aprili, saa nne na dakika ishirini (jambo lisilo na tarehe na saa mimi silihesabu kuwa limetokea), katika hekalu moja la mji wa Kyoto, nchini Japani, mbele ya watu wasiopungua arobaini. Na aliyeaibika ni mimi, mjane wa miaka hamsini na sita, mwenye duka la vitambaa katikati ya Durban, mwanamke ambaye hata siku ya kumzika mumewe hakuonekana akiyumba.

Safari ilikuwa zawadi ya wanangu, kwa kuwa mwaka uliotangulia nilifaulu mtihani wa kumaliza sekondari (masomo ya jioni, miaka minne, sikukosa hata siku moja). Tulikuwa watalii ishirini na wawili, tukiongozwa na binti wa Kijapani aitwaye Yuki, mwenye kibendera cha njano. Katika kundi lote nilimfahamu mtu mmoja tu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi, jirani yangu mtaa wa Point, kule Durban.

Shingoni nilining'iniza kipochi nilichokishona mwenyewe, kikakaa chini ya blauzi. Ndani yake mlikuwa na pasipoti yangu ya Tanzania, na katika pasipoti kimebandikwa kibali cha kuishi Afrika Kusini. Wahamiaji wenzangu hawahitaji maelezo: kibali kile nilianza kukipangia foleni nikiwa na mume, nikakipokea nikiwa mjane. Kikipotea ugenini sirudi Durban, kwenye duka langu na kaburi la mume wangu. Narudishwa Tanga, ambako sina hata kitanda. Kwa hiyo kipochi hakikuvuliwa, hata kitandani.

Kosa lilianza kwenye viatu. Mlangoni mwa hekalu tuliambiwa tuvivue, nami nilipoinama kufungua kamba kipochi kikachomoka, kikawa kinanipigapiga kidevuni, nikakivua nikakiweka kwenye benchi pembeni yangu, kwa dakika moja tu, nikijiambia, "Mama Zuhura, hapa si soko la Warwick la wezi wa Durban, tulia." Yuki akapunga kibendera, nikaharakisha kuweka viatu kwenye rafu, nikawafuata wenzangu.

Tuliketishwa kwenye baraza ndefu ya mbao kutazama bustani isiyo na mmea hata mmoja: mawe machache makubwa, na kuyazunguka changarawe nyeupe zilizochanwa kwa reki mistari myembamba iliyonyooka kabisa.

"Angalia," Mama Furaha akaninong'oneza, "ni kama vile nagawanyaka nywele mbele ya kusuka. Mutu alichora hii iko fundi ya kweli."

"Bustani hii haikanyagwi," Yuki akatuambia. "Huingia yule anayeichora tu."

Nikapeleka mkono kifuani, kama nifanyavyo kila baada ya robo saa. Hapakuwa na kitu.

Nikakumbuka benchi la mlangoni. Nikageuka, na hapo ndipo nilipomwona: mzee wa koti la buluu akija barazani mbio, ufagio wa mianzi mkono wa kushoto, mkono wa kulia umezama ndani ya koti, macho yake kwangu peke yangu. Miaka kumi na tisa ya Durban imenifundisha kwamba wezi huja wawili, mmoja achukue na mwingine akutishe usipige kelele, na kwamba mtu anayekujia mbio mkono ukiwa ndani ya koti hasubiriwi akueleze shida yake. Kushoto alikuwa yeye, kulia watu wameketi, nyuma ukuta. Nikaruka mbele.

Hatua kumi na moja. Nilizihesabu baadaye, maana zilionekana wazi mno. Changarawe zilinichoma kwenye soksi, zikarukaruka, nikafika katikati, nikageuka nione kama amenifikia. Mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza kama aliyegonga kioo.

"Mama Zuhura," Mama Furaha akaita, "unaenda wapi? Huko hakuna mulango."

"Ana kisu," nikasema.

"Kisu gani? Iko na kipochi yako."

Mzee alikuwa amekitoa ndani ya koti, amekishika kwa mikono miwili, ameinama. Kumbe alikiokota benchini, akanitambua kwa picha ya pasipoti. Hofu ya kwanza ikaisha, ikaja kubwa zaidi: nimeharibu hekalu la watu, na karatasi zangu zote ziko mikononi mwao. Mtawa akatoka, wakazungumza na Yuki kwa sauti za chini, nami nimesimama kwenye changarawe nikiwaza polisi, nikiwaza uwanja wa ndege, nikijiona nashushwa Dar es Salaam na begi moja.

"Mama," Yuki akasema hatimaye, "wanaomba urudi ukikanyaga nyayo zako zile zile."

Sasa, hatua za kukimbia ni ndefu kuliko za kutembea. Ilinibidi nipandishe sketi hadi magotini na kujinyoosha unyayo hadi unyayo, huku simu zikinipiga picha na Mama Furaha akinielekeza, "Kushoto kidogo, mama, polepole, usituangukie."

Mzee alinipa kipochi kwa mikono miwili, nikakipekua mbele yake (ndiyo, nilikipekua), kibali kilikuwemo. Akaniuliza kupitia Yuki kwa nini nilimkimbia. Nikasema kwetu anayekukimbilia huwa hakuletei kitu. Yuki alipomtafsiria, mzee akainama tena na kuomba radhi kwa kunitisha, kisha akachukua reki, akashuka, akaanza kuzifuta hatua zangu, moja moja. Sikuweza kutazama hadi mwisho.

Nimeapa sitaivua tena shingoni kamba ya karatasi zangu, hata viatu vinishinde nivuliwe na mtu. Nimeapa pia kwamba nikirudi Japani, atakayenikimbilia nitasimama nimsikilize. Hapa Durban nitakimbia kwanza, na kama alikuwa na jambo jema, anisamehe.